Jinsi ya kufuatilia mubashara wanaanga wakirushwa kutoka Florida, ukiwa Afrika Mashariki

Wengi hufungua matangazo dakika tano kabla ya roketi kuruka. Wanaona moto, wanashangilia, wanafunga simu. Kwa maoni yangu hao wamekosa sehemu nono, maana safari ya wanaanga huamuliwa ndani ya dakika 45 za mwisho, roketi ikiwa bado imesimama. Mwongozo huu unahusu chombo cha Crew Dragon cha kampuni ya SpaceX, kinachobebwa na roketi ya Falcon 9 kwenda Kituo cha Kimataifa cha Anga, ISS. Nimekichagua kwa sababu matangazo yake ni ya wazi na ni rahisi kuyafuata. Soyuz ya Warusi na Starliner ya Boeing nitazigusa njiani.

Andaa simu iliyojaa chaji, bando, earphone, na karatasi ya kuandikia.

Hatua ya 1: Geuza saa, na uangalie tarehe

NASA hutangaza muda kwa saa za Florida. Kuna njia fupi sana kwa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa 7 mbele ya Florida wakati Wamarekani wako kwenye majira yao ya kiangazi, na saa zetu za Kiswahili ziko 6 nyuma ya saa ya ukutani. Kwa hiyo chukua saa ya Florida, ongeza moja, basi. Doug Hurley na Bob Behnken, wanaanga wa kwanza wa Crew Dragon, waliporuka tarehe 30 Mei 2020, Florida ilikuwa 3:22 mchana kwa saa yao. Huku ilikuwa saa 4:22 usiku.

Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi Jumapili ya pili ya Machi, Wamarekani hurudisha saa nyuma, kwa hiyo ongeza mbili. Aliye Kigali, Bujumbura au Lubumbashi apunguze moja kwenye jibu; aliye Muscat aongeze moja.

Tarehe ndiyo yenye mtego. Roketi ya 8:00 p.m. ya Jumatatu kwa saa ya Florida, kwetu ni saa 9:00 usiku wa kuamkia Jumanne. Andika siku kwenye karatasi, usiiachie kichwa.

Kwa Soyuz, muda ukitolewa kwa saa za Moscow, hakuna tofauti ya kugeuza: Moscow na Afrika Mashariki zinatumia saa ileile, unabaki kuigeuza ya ukutani kuwa ya Kiswahili tu.

Hatua ya 2: Ingia kwenye chanzo halali

Tumia chaneli ya NASA kwenye YouTube, au NASA+, ambayo ni bure. SpaceX nao huonyesha kwenye tovuti yao na kwenye X. Hivyo vinatosha.

Ukitafuta tu neno la roketi YouTube siku ya kuruka, utakutana na chaneli za matapeli. Utaona Elon Musk akiongea, pembeni kuna msimbo wa QR, na ahadi kwamba ukituma sarafu za kidijitali utarudishiwa mara mbili. Ni video za kughushi. Hakuna shirika la anga linaloomba pesa katikati ya matangazo. Weka alama kwenye chaneli halali siku moja kabla, ili usitafute ukiwa na haraka.

Hatua ya 3: Pangia bando lako

Matangazo kamili huanza takribani saa nne kabla ya kuruka: kuvaa suti, kupanda gari kwenda kwenye mnara, kufungwa mikanda, kufunga mlango wa chombo. Yote ni mazuri, lakini yatakula bando. Shusha picha hadi 360p, na usipoigusa mipangilio simu itapandisha ubora yenyewe. Kama bando ni dogo, acha yote ya mwanzo na uingie ikiwa imebaki saa moja.

Kumbuka pia kwamba unachokiona kimechelewa. Mtandao huongeza sekunde kadhaa, wakati mwingine nusu dakika. Kama unafuatilia na wenzako kwenye kikundi cha WhatsApp, kubalianeni mapema kwamba mwenye intaneti ya kasi asimalizie wenzake utamu.

Hatua ya 4: Soma hali ya hewa kwa makini

Kikosi cha hali ya hewa cha jeshi la Marekani pale Cape Canaveral hutoa asilimia ya uwezekano wa hewa kuruhusu. Ukiona 90, usishangilie bado. Asilimia hiyo inahusu eneo la kurushia peke yake. Chombo chenye watu huweza kulazimika kujitoa kwenye roketi na kuangukia Atlantiki, popote kuanzia Florida hadi karibu na Ireland, kwa hiyo upepo na mawimbi ya njia nzima hupimwa pia. Anga ya Florida inaweza kuwa safi kabisa, na safari ikaahirishwa kwa sababu ya bahari iliyo mbali.

Hatua ya 5: Kaa chini ikiwa imebaki dakika 45

Kwenye skrini kuna saa yenye herufi T na alama ya kutoa. Ikifika dakika 45, mkuu wa urushaji huwauliza wataalamu mmoja mmoja kama wako tayari kwa mafuta kuingizwa. Neno unalolisikilizia ni "go". Hapo ndipo ninapoweka earphone na kuomba wa nyumbani wanyamaze kidogo.

Kisha daraja walilopitia wanaanga linasogezwa pembeni, ikiwa imebaki kama dakika 42. Dakika tano hivi baadaye mfumo wa kujiokoa unawashwa. Mpangilio huu una sababu: Falcon 9 hujazwa mafuta watu wakiwa tayari wamekaa ndani, kwa hiyo lazima chombo kiwe na uwezo wa kuruka na kukimbia kabla tone la kwanza halijaingia. Soyuz hufanya kinyume, hujazwa kwanza ndipo watu wanapanda. Mjadala wa ipi ni salama zaidi ulikuwa mkali kabla NASA haijaikubali njia ya SpaceX.

Zikibaki dakika 35 mafuta yanaanza kuingia: mafuta ya taa yaliyosafishwa sana, pamoja na oksijeni ya kimiminika iliyopozwa hadi karibu nyuzi 207 chini ya sifuri. Utaona mvuke mweupe ukifuka ubavuni. Mgeni akiuliza kama roketi inaungua, mtulize. Ni baridi ile ikikutana na hewa ya joto ya Florida.

Baridi hiyo ndiyo inayofanya mchezo uwe mkali. Oksijeni ikipata joto inatanuka, hivyo roketi haiwezi kujazwa ikasubiri. Tena ISS ina njia yake, na Florida hupita chini ya njia hiyo kwa wakati maalumu. Kwa hiyo kuruka ni kwa sekunde iliyopangwa, la sivyo siku imekwisha.

Zikibaki dakika 5 Dragon inaanza kutumia betri zake. Ikibaki dakika 1 kompyuta ya roketi inashika usukani. Zikibaki sekunde 45 mkuu wa urushaji anatoa idhini ya mwisho, na zikibaki sekunde 3 injini tisa zinawaka.

Ukiifuatilia Starliner, saa ya T hugandishwa kwa makusudi ikibaki dakika 4 halafu huendelea, hivyo usihesabu kwa saa ya ukutani.

Hatua ya 6: Sikiliza zaidi ya kutazama

Neno "nominal" maana yake mambo yanaenda kama yalivyopangwa. Ukilisikia mara nyingi, tulia.

Kama dakika moja baada ya kuruka, hewa inaisukuma roketi kwa nguvu kuliko wakati wowote. Dakika mbili na nusu hivi injini tisa zinazimwa, kipande cha chini kinaachana na cha juu, na injini moja ya juu inawaka. Ule ukimya wa sekunde chache hushtua, lakini ni wa kawaida. Utasikia pia majina ya maeneo ya kuangukia kama lolote litatokea. La mwisho ni "Shannon", ng'ambo ya Atlantiki upande wa Ireland.

Kipande cha chini hurudi kutua karibu dakika ya nane au ya tisa. Kikitua kwenye meli, picha mara nyingi hukatika kwa sababu mtikisiko huvuruga antena. Usiulaumu mtandao wako.

Karibu dakika hiyohiyo injini ya juu inazimwa na chombo kiko kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, kwa mwendo wa takribani kilomita 27,000 kwa saa. Tazama kidoli kilichofungwa kwa uzi mbele ya wanaanga. Kikianza kuelea, wamefika kwenye obiti.

Mawasiliano haya leo hupitishwa na satelaiti. Mwanaanga wa Marekani John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, ilibidi aongee na vituo vilivyotawanywa duniani, na kimoja kilikuwa Tunguu, Unguja.

Hatua ya 7: Ikiahirishwa

Neno la Kiingereza utakalosikia ni "scrub". Tarehe 27 Mei 2020 hewa iliwazuia Hurley na Behnken zikiwa zimebaki kama dakika 17. Wakaruka siku tatu baadaye. Safari nyingine ya Dragon, Crew-6, ilisimamishwa tarehe 27 Februari 2023 zikiwa zimebaki dakika mbili na kitu, kwa tatizo la kimiminika cha kuwashia injini. Soyuz MS-25 ilijizuia yenyewe sekunde 20 hivi kabla ya kuruka, tarehe 21 Machi 2024. Wote waliruka baadaye.

Usifunge matangazo mara moja. Wanaanga hawatoki mpaka mafuta yaondolewe, na mfumo wa kujiokoa hubaki umewashwa muda huo. Ni hapo wataalamu hueleza vizuri roketi inavyofanya kazi, maana hawana tena cha kukimbilia.

Hatua ya 8: Baada ya kuruka

Soyuz inaweza kufika ISS kwa saa tatu na ushee. Dragon ya Hurley na Behnken ilichukua saa 19. Tumia muda huo kuingia kwenye huduma ya NASA iitwayo Spot the Station, uweke mji wako. ISS hupita baada ya magharibi au kabla ya jua kuchomoza, ikionekana kama nyota kali isiyomemeteka. Ukiipata kabla chombo hakijaungana nayo, tafuta nukta hafifu inayoitangulia au kuifuata kwenye njia ileile.

Chombo kikishaungana na kituo, mlango haufunguliwi papo hapo. Hupita kati ya saa moja na mbili wakipima kama hewa inavuja. Zima data, weka kengele, urudi wanapofungua.