Kabla ya kupanda Moshi, pima jasho lako

Kila mwaka ikifika Novemba, kwenye kundi letu la mbio linaloanzia Coco Beach swali huwa ni lile lile: kwenye Kilimanjaro Marathon ninywe maji kiasi gani? Majibu hayakosi. Mmoja anasema chupa moja kila kituo. Mwingine anasema usiguse maji mpaka kilomita ya 15, tumbo litakuwa zito. Wa tatu ana vidonge vya chumvi alivyoletewa kutoka Dubai na anavigawa kama peremende. Wote wana nia njema, ila kila mmoja anaeleza mwili wake mwenyewe, si wa aliyeuliza.

Haya ninayoandika ni kwa mtu wa Dar anayejiandaa kwa kilomita 42 za Kilimanjaro Marathon pale Moshi, mbio zilizoanza mwaka 2003 na ambazo huangukia majira ya joto, mwishoni mwa Februari au hapohapo karibu. Wa kilomita 21 ayasome pia, lakini apumue, mambo kwake ni mepesi zaidi.

La kwanza ni mizani. Ukiwa na miezi miwili mkononi, tafuta mizani ya kidijitali inayosoma hadi nukta moja baada ya kilo, ya nyumbani, ileile kila siku. Asubuhi ya kupima, nenda haja ndogo, vua nguo zote, panda, andika. Kimbia saa moja kwa mwendo utakaoutumia Moshi. Ukinywa chochote njiani, jua ni mililita ngapi. Ukirudi, jifute jasho vizuri, vua tena kila kitu (fulana iliyolowa ina uzito wake, usidanganyike), panda, andika. Kilo moja iliyopungua ihesabu kuwa lita moja ya jasho. Jumlisha ulichokunywa. Kama ulijisaidia katikati, kiasi hicho kitoe.

Mimi Januari moja nilianza na kilo 68.4 nikarudi na 67.2, na nilikuwa nimekunywa mililita 300. Kilo 1.2 na lita 0.3: lita moja na nusu kwa saa. Julai iliyofuata, asubuhi yenye upepo, njia ileile kupitia daraja la Tanzanite, mwendo uleule, nilipata lita 0.9. Mtu yuleyule! Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi. Pima angalau mara tatu: siku ya joto, siku ya ubaridi, na siku ya mbio ndefu, kisha andika hali ya hewa pembeni ya kila namba. Wakimbiaji wengi huangukia kati ya nusu lita na lita mbili kwa saa, lakini wapo wa kushangaza. Alberto Salazar wa Marekani alipimwa kabla ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984 akakutwa anatoka jasho lita 3.7 kwa saa. Tumbo la binadamu anayekimbia halipokei kiasi hicho hata kwa kulazimisha.

Na hapo ndipo hesabu ya pili inapoanza. Kujua unachopoteza hakumaanishi kukirudisha chote. Wengi wetu tukiwa tunakimbia tumbo linakubali kama mililita 600 hadi 800 kwa saa, na zaidi ya hapo maji yanabaki yanacheza tumboni kama kwenye dumu. Ushauri unaosikika sana ni kwamba usipungue zaidi ya asilimia 2 ya uzito wako. Ni kipimo kizuri cha kuanzia, si amri. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alishinda marathoni ya Dubai mwaka 2009 akiwa amepungua karibu asilimia 10. Simshauri mtu kumwiga Haile kwa lolote, ila hadithi yake inaonyesha kwamba mstari wa asilimia 2 si ukuta. Isitoshe, sehemu ya uzito unaopotea ni mafuta na wanga ulivyochoma, pamoja na maji yaliyokuwa yamehifadhiwa na wanga huo.

Tuchukue mtu wa kilo 68 atakayemaliza kwa saa nne na nusu, anayetoka jasho lita 1.2 kwa saa. Atapoteza lita 5.4. Akikubali kupungua kilo mbili, ambayo ni kama asilimia 3, anahitaji kunywa lita 3.4 njia nzima, sawa na mililita 750 kwa saa. Hiyo ni chupa ndogo moja na nusu. Mwenzake anayetoka jasho lita 0.7 kwa saa anapoteza lita 3.2 tu. Akipewa mpango uleule wa chupa moja na nusu kila saa, atavuka mstari wa mwisho akiwa mzito kuliko alivyoanza.

Kuwa mzito zaidi mwishoni ni jambo la kuogopa kuliko kiu, na mitaani halisemwi vya kutosha. Maji yakizidi, sodiamu (madini yaliyomo kwenye chumvi) kwenye damu inazimuliwa, seli zinavimba, na ubongo hauna nafasi ya kuvimbia. Kitaalamu huitwa haiponatremia, sodiamu ikishuka chini ya milimoli 135 kwa lita. Kwenye Boston Marathon ya mwaka 2002 watafiti walichukua damu ya wakimbiaji 488 kwenye mstari wa mwisho. Asilimia 13 walikuwa chini ya kiwango hicho, na watatu kati yao walikuwa katika hali mbaya kabisa. Mbio hizohizo, mwaka huohuo, mkimbiaji mmoja mwanamke alifariki kwa tatizo hilo. Waliokuwa hatarini zaidi walikuwa wale walioongezeka uzito njiani na wale waliotumia zaidi ya saa nne. Yaani si mabingwa, ni sisi wa nyuma, wenye muda wa kusimama kila meza na kunywa kwa utulivu.

Nimeiona kwa macho. Kwenye mbio moja, miaka kadhaa nyuma, mwenzetu alifika mwisho akilalamika kwamba pete imembana. Vidole vilikuwa vimevimba, kichwa kinamgonga, akaanza kutapika. Sisi, kwa upendo, tukamsukumia chupa nyingine ya maji. Muuguzi aliyekuwa karibu ndiye aliyetuzuia, akauliza swali moja: amekunywa chupa ngapi? Tulipozihesabu pamoja naye, zilikuwa kumi na moja. Dada wa watu alipona, lakini tangu siku ile simpi mtu maji kabla sijamtazama vidole.

Sasa chumvi. Tofauti ya mtu na mtu ni kubwa zaidi hapa kuliko kwenye maji. Lita moja ya jasho inaweza kuwa na miligramu 200 za sodiamu au ikafika 2,000, na kiasi hicho kwa sehemu kubwa umezaliwa nacho. Maabara za kupima jasho si za kila mtu, hivyo tumia macho na ulimi. Vaa fulana nyeusi kwenye mbio ndefu, iache ikauke bila kuifua. Kama imebaki na ramani nyeupe mgongoni na kofia ina duara la unga, na jasho likiingia machoni linawasha kama pilipili, wewe ni wa chumvi nyingi. Kama fulana imekauka safi, vidonge vya Dubai mwachie mwenyewe.

Kitu cha kujua unaposoma paketi: sodiamu si sawa na chumvi. Gramu moja ya chumvi ya mezani ina karibu miligramu 400 za sodiamu. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni kama gramu 6, kwa hiyo robo kijiko inakupa miligramu karibu 600. Kwa mtu wa kawaida anayekimbia zaidi ya saa mbili, miligramu 300 hadi 600 kwa saa ni mahali pazuri pa kuanzia kujaribu. Wa fulana yenye ramani anaweza kupanda zaidi.

ORS za duka la dawa, zile paketi za kurudisha maji na chumvi mwilini, zinafaa, na bei yake ni ya kibinadamu. Lita moja iliyochanganywa kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002 ina milimoli 75 za sodiamu, takriban miligramu 1,700. Kwa mkimbiaji mwenye jasho la kawaida hiyo ni kali kidogo na sukari yake ni chache, kwa sababu ilitungwa kwa ajili ya mtu anayeharisha, si anayepanda Mweka, mlima wa njia yetu ya mbio. Wapo wanaoizimua kwa lita mbili za maji, wakapata sukari yao kwenye jeli tamu za wakimbiaji au ndizi. Wapo wanaotengeneza yao: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, na ndimu ya kuondoa ladha ya bahari. Vyovyote utakavyochagua, ujaribu kwenye mbio ndefu zisizopungua tatu. Tumbo lina wivu, halipendi kitu kigeni siku ya sherehe.

Na dafu? Najua nitachokoza watu wa pwani, na mimi ni mmoja wao. Maji ya dafu yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, wakati jasho ni kinyume chake: sodiamu ndiyo inayotoka kwa wingi. Kwa hiyo dafu baada ya mbio, pamoja na mihogo ya kukaanga yenye chumvi na pilipili, ni kitu cha kumshukuru Mungu. Dafu peke yake katikati ya kilomita 42 halifanyi kazi unayodhani linafanya. Tena usiibebeshe chumvi lawama zote za misuli kukaza. Mara nyingi msuli unakaza kwa sababu umechoka kuliko ulivyozoeshwa, na mteremko wa kurudi kutoka Mweka unaijua kazi hiyo vizuri.

Kuzoea joto kunachukua siku 10 hadi 14 za mazoezi. Mwili uliozoea unatoka jasho mapema zaidi, jingi zaidi, na lenye chumvi pungufu, hivyo namba ulizopima kabla ya kuzoea zinapitwa na wakati. Sisi wa Dar tuna bahati hapa, Januari yetu inatufundisha bila ada. Anayetoka baridi ya Mbeya au Njombe ndiye anayepaswa kujihadhari. Joto halimheshimu hata mtaalamu: marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ya Doha mwaka 2019 ilianza usiku wa manane kukwepa jua, kukiwa na nyuzi zaidi ya 30, na bado kati ya wanawake 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Mshindi alikuwa Ruth Chepngetich wa Kenya.

Kwa anayefunga Ramadhani mwezi ukigongana na maandalizi, kama ilivyotokea Februari 2026, mbio ndefu zihamishie usiku baada ya futari, na vipimo vya mizani vifanye hapo. Kunywa kidogokidogo kati ya futari na daku. Lita mbili za mkupuo wakati wa daku zitaishia chooni kabla jua halijachomoza.

Mwenye presha, ugonjwa wa figo, kisukari, au anayejijua ana selimundu, hata ya kurithi upande mmoja tu, aongee na daktari kabla ya kugusa mpango wowote wa chumvi au mbio ndefu za joto. Na diklofenaki au ibuprofeni ya "kuzuia maumivu" asubuhi ya mbio, acha. Dawa hizo zinaibana figo wakati ileile inapohangaika kusawazisha maji. Ukiwa na homa, kapime malaria, mbio zitakuwepo mwakani.

Kisha safari. Dar mpaka Moshi ni zaidi ya kilomita 500, na wengi wetu hupanda basi siku moja au mbili kabla. Abiria mzoefu hanywi maji akiogopa kuomba dereva asimame achimbe dawa. Nimewahi kushuka Moshi nina mkojo wa rangi ya chai ya rangi, saa 36 kabla ya mbio. Siku hizi nasafiri siku tatu kabla, nakunywa kila basi linapokaribia kusimama, na nasindikiza kwa karanga zenye chumvi. Mkojo uwe rangi ya maji ya ndimu. Ukiwa mweupe kama maji ya bomba kutwa nzima, unakunywa kupita kiasi, punguza.

Asubuhi yenyewe kunywa mililita 400 hadi 500 saa mbili au tatu kabla ya kuanza, upate muda wa choo. Mabingwa wana chupa zao binafsi mezani, zenye majina na bendera, wanazichukua bila kupunguza mwendo. Sisi tunakuta kilichopo. Angalia ramani ya vituo mapema, uone vimepishana kilomita ngapi na kwa mwendo wako hizo ni dakika ngapi, ndipo uamue kama utavaa mkanda wa chupa. Mimi navaa, chupa mbili za mchanganyiko wangu wa chumvi, na vituoni nachukua maji matupu. Namba zangu naziandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye mkono wa kushoto, kwa sababu kilomita ya 30, jua likiwa limeshapanda, hesabu zote zinafutika kichwani.

Karatasi ya pili naiacha kwa shemeji yangu anayenisubiri uwanjani. Ina uzito wangu wa asubuhi ile, dawa ninazotumia, na mstari mmoja kwa herufi kubwa: nikifika naongea mambo yasiyoeleweka au vidole vimevimba, asinipe maji, amwite daktari kwanza.