Jinsi ya kuhesabu kura za Nauru kwa kalamu na karatasi

Nafundisha hesabu, na kila nikifika kwenye somo la sehemu za namba, kama nusu na robo, natumia uchaguzi wa Nauru, kisiwa cha kilomita za mraba 21 katika Pasifiki. Huko nusu na theluthi humpeleka mtu bungeni. Chukua kalamu.

Anza na karatasi ya kura. Mpiga kura awe ametimiza miaka 20, na kisheria ni lazima apige kura. Haweki alama kwa mmoja tu. Anaandika 1 kwa anayempenda zaidi, 2 kwa anayefuata, mpaka wagombea wote wa jimbo waishe. Akimruka mmoja, kura imeharibika.

Namba 1 ni alama moja kamili, 2 ni nusu, 3 ni theluthi, 4 ni robo, na kuendelea. Jumlisha, wenye alama nyingi wanachukua viti. Duru ya pili hakuna. Mfumo huu ulibuniwa na Desmond Dowdall, aliyekuwa katibu wa sheria wa Nauru, na umetumika tangu 1971.

Tujaribu: viti viwili, kura 11. Watu 6 wamepanga A, B, C. Wawili B, A, C. Watatu C, B, A.

A: 6 + 1 + 1 = 8.
B: 3 + 2 + 1.5 = 6.5.
C: 2 + 0.67 + 3 = 5.67.

Hapo ndipo wanafunzi wangu hushtuka. C amewekwa wa kwanza na watatu, B na wawili tu, lakini anayeingia pamoja na A ni B! Kwa hiyo mgombea haruki mlango wa watu ambao namba 1 yao ni ya ndugu yao. Anabisha hodi, anaomba 2. Wagombea wengi hawana chama, kwa hiyo jina la mgombea ndilo linalobeba kila kitu.

Majimbo ni 8: Ubenide viti 4, Meneng 3, mengine mawili mawili, jumla 19. Zamani vilikuwa 18, na mwaka 2010 bunge liligawanyika 9 kwa 9, serikali ikashindwa kuundwa; cha 19 kilianza na uchaguzi wa 2013.

Rais hachaguliwi na wananchi moja kwa moja. Wabunge humteua mmoja wao. Akikosa kiti jimboni, urais nao umekwenda, kama ilivyomtokea rais Baron Waqa katika jimbo la Boe mwaka 2019. Bunge hukaa miaka 3, ila wabunge wanaweza kumwondoa rais katikati kwa kura ya kutokuwa na imani: Oktoba 2023 walimtoa Russ Kun, wakamchagua David Adeang, na hakuna mwananchi aliyerudi kituoni.