Namna ya Kupima Wingi wa Magari kwenye Barabara Yenye Foleni

Wingi wa magari ni idadi ya vyombo vinavyopita mstari mmoja kwa muda uliopangwa, wala si urefu wa foleni. Anayesimama Manzese, kando ya Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, saa 12 na nusu jioni, ataiona barabara imejaa pomoni. Lakini akihesabu, huenda akakuta yanayopita mbele yake ni machache kuliko ya saa 4 asubuhi, kwa kuwa jioni magari husogea hatua na kusimama. Kwa hiyo mahali pa kuhesabia pachaguliwe kwanza, tena kwa makini.

Tafuta kipande kilichonyooka, mbali na makutano na vituo vya daladala, kisha chagua nguzo ya taa iwe alama: gari huhesabiwa tairi la mbele linapovuka usawa wa nguzo hiyo. Mkia wa foleni ukifika hapo, utakuwa unapima uwezo wa barabara kupitisha magari, na si idadi ya wanaotaka kupita. Rudi nyuma hadi magari yanapotembea huru, au walau andika saa foleni ilipofika na ilipoondoka.

Baada ya kuutaarifu uongozi wa mtaa na askari wa usalama barabarani, wapange makarani kwa kila upande. Fomu igawanywe kwa robo saa, na kila aina iwe na safu yake: magari madogo, daladala, mabasi makubwa, malori, bajaji na pikipiki. Mabasi ya mwendokasi yana njia yao katikati, hivyo yaandikwe peke yake. Piga vijiti vinne, cha tano kikatize. Bodaboda ndizo zinazowashinda makarani wengi kuzihesabu, kwa maana taa ikiruhusu hufumka kumi na tano kwa pamoja kama nyuki. Zipe karani wake, mwenye kaunta ya kubonyeza kwa kidole.

Hesabu Jumanne, Jumatano na Alhamisi, shule zikiwa wazi, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni. Kwa barabara hii ningeongeza hadi saa 2 usiku. Makarani wapokezane kila baada ya saa mbili, kwani macho huchoka kabla ya miguu.

Katika kujumlisha, tafuta robo saa nne zinazofuatana zenye jumla kubwa zaidi, ambazo ndizo saa ya kilele. Tuseme zimetoa magari 1,800, na robo nzito kuliko zote ina 500: gawanya 1,800 kwa mara nne ya 500, upate 0.90. Kadiri jibu linavyokaribia 1, ndivyo magari yalivyopita kwa usawa. Askari akiongoza kwa mkono badala ya taa, jibu huweza kushuka, kwa hiyo jambo hilo nalo liandikwe kwenye fomu.

Mirija ya mpira yenye hewa, inayolazwa barabarani ili kuhesabu magari yanapoikanyaga, hufaa penye mwendo. Kwenye foleni hukosea, kwani gari huweza kusimama juu yake. Afadhali kurekodi video, kisha karani mwingine arudie robo saa moja bila kuonyeshwa hesabu ya kwanza. Zikipishana sana, rudieni saa nzima.