Tengeneza glaida isiyo na mkia, kwa mtindo wa ndugu wawili wa Horten

Watu wakiona picha ya Horten Ho 229, ndege ya kivita ya Kijerumani ya Vita vya Pili vya Dunia, swali la kwanza huwa ni mwendo: ilikimbia kiasi gani? Mimi ni seremala, swali langu ni jingine. Ndege haina mkia, haina usukani wa wima, ni bawa tupu. Sasa nani anaizuia isipinduke? Jibu lake unaweza kulishika mkononi kwa mchana mmoja ukiwa na foamu, wembe na sarafu. Nimewafundisha vijana wengi hapa Ujerumani ninakoishi, na aliyeirusha hii kwa mkono wake haniulizi tena kama Ho 229 ilikuwa kisahani cha angani.

Kwanza tujue tunamwiga nani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliibana Ujerumani upande wa ndege za kivita na za injini, basi vijana wakahamia kwenye glaida, ndege zisizo na injini. Kuanzia 1920 walikuwa wakikutana kila mwaka Wasserkuppe, mlima wa mita 950 katika eneo la Rhön, na kurushana kutoka mtelemkoni kwa kamba ya mpira iliyovutwa na watu. Hapo ndipo mbunifu wa ndege Alexander Lippisch alipojaribu Storch, glaida zake zisizo na mkia. Walter na Reimar Horten wa Bonn walikuwa vijana wadogo tu walipojenga glaida yao ya kwanza, H I, nyumbani kwa wazazi wao, ikaruka 1933. Ukoo mmoja huo wa glaida ndio uliozaa silaha: ndege ya kivita Me 163 ya roketi upande wa Lippisch, na Ho 229 ya jeti upande wa akina Horten. Tusijidanganye kwamba ilikuwa michezo mitupu.

Haya, kazini. Tafuta foamu ngumu ya unene wa mm 5, ile inayotandikwa chini ya sakafu za mbao. Ukikosa, kata kutoka kwenye foamu iliyofungiwa televisheni, lakini iwe bapa na isiwe na punje kubwa. Utahitaji pia vijiti viwili vya mshikaki, gundi nyeupe ya seremala, selotepu, plastisini kidogo na sarafu. Supaglu usiitumie hata kidogo, inakula foamu mbele ya macho yako.

Kata mabawa mawili yanayofanana. Kila moja lina urefu wa sm 30. Upana wake pale yatakapoungana ni sm 16, na kwenye ncha ni sm 8. Sasa cha muhimu: ukingo wa mbele lazima ulale nyuma, ncha ianzie sm 14 nyuma ya pua, yaani pembe ya mbele pale mabawa yatakapoungana. Chora moja, likate, kisha ligeuze ulitumie kama kielelezo cha pili. Ukikata kila moja kivyake yatapishana kwa milimita mbili tatu, na ndege itazunguka upande mmoja daima. Piga msasa ukingo wa mbele uwe wa mviringo, na wa nyuma uwe mwembamba. Chimba mfereji mdogo chini ya kila bawa, karibu na theluthi ya mbele ya upana wake, ulaze kijiti cha mshikaki humo kwa gundi. Bado usiyaunganishe.

Sasa tupunguze mwendo, maana hapa ndipo siri yote ilipo.

Ndege ya kawaida ina pua nzito, na mkia wake unasukuma chini ili pua isizame. Akina Horten hawakuifuta kazi hiyo, waliihamishia kwenye ncha za bawa. Kwa kuwa bawa limelala nyuma, ncha ziko nyuma ya kitovu cha uzito, pale pale ambapo mkia ungekuwa. Ukizisokota ncha hizo ili zitazame chini kidogo kuliko sehemu ya katikati, zinabeba kidogo sana au zinasukuma chini kabisa. Huo ndio mkia wako.

Nusu ya ndani ya bawa iache bapa. Kuanzia katikati ya urefu kwenda nje, ipashe moto kwa draya ya nywele huku ukiisokota polepole, mpaka ukingo wa nyuma kwenye ncha uinuke mm 7 juu ya meza huku ukingo wa mbele umelala. Ishike hivyo mpaka ipoe. Foamu ina ubishi, ikipoa hurudi kidogo, kwa hiyo ipitishe kiasi. Kisha laza mabawa yote mawili mezani na upime kwa rula. Usikadirie kwa macho. Tofauti ya mm 1 kati ya kulia na kushoto utaiona hewani kabla hujaiona mezani.

Unganisha mabawa kwa gundi na selotepu, kila ncha ikiwa imenyanyuliwa mm 15. Yakikauka, pima sm 8 kutoka puani kuelekea nyuma na weka alama chini, kulia na kushoto. Hapo ndipo pa kusawazishia. Ishike kwa vidole viwili kwenye alama. Itaangukia nyuma, lazima. Ongeza uzito kwenye pua kabisa mpaka itulie. Kwa kipimo hiki huwa kama gramu 10, yaani sarafu ya euro 2 na plastisini kidogo. Wengi huona uzito huo ni mwingi wakapunguza. Waache wapunguze, wataona.

Mwisho bandika kwenye kila ncha kipande cha wima cha sm 4 kwa sm 4. Storch ya Lippisch ilikuwa na vipande vya wima kwenye ncha, nasi tunaanza kwa woga wake kabla ya kufuata ujasiri wa akina Horten.

Nenda kwenye nyasi, asubuhi upepo ukiwa mdogo. Sukuma mbele kwa mkono ulionyooka, pua ikitazama chini kidogo. Usitupe juu kama jiwe. Ikipanda, ikasita, ikaanguka, pua ni nyepesi au msokoto umezidi. Anza na uzito. Ikizama moja kwa moja, usikimbilie kuondoa sarafu: kunja kwanza ukingo wa nyuma karibu na ncha uelekee juu kwa mm 1 au 2, pande zote sawasawa. Ikiegemea upande mmoja, rudi kwenye rula.

Ikishaelea vizuri, kata vipande vya wima. Ndiyo, vikate. Reimar Horten hakutaka kitu chochote cha wima kilichoongeza ukinzani wa hewa. Alitegemea wazo ambalo mwanasayansi Ludwig Prandtl wa Göttingen alilichapisha 1933: bawa likibeba zaidi katikati na kupunguza taratibu mpaka nchani, mchoro wa mbebo wake, yaani nguvu ya hewa inayoliinua, unafanana na kengele, na hewa inayopanda karibu na ncha inaweza kuvuta ncha mbele badala ya kuiburuta. Ndiyo maana ndege ya namna hiyo ikilala kushoto, pua nayo inaweza kufuata kushoto bila usukani wa wima. Miaka ya 2010 NASA walirusha modeli za Prandtl-D huko California kulipima jambo hilo hilo.

Modeli yako ya foamu bapa haitafika huko kikamilifu. Itayumba pua kidogo kulia na kushoto, na hiyo ni sawa. Ikiyumba mpaka ikazunguka, ongeza uzito kidogo puani au ongeza msokoto mm 1 kila upande.

Ho 229 yenyewe ilianza hivyo hivyo. Tarehe 1 Machi 1944 iliruka Göttingen bila injini, ikavutwa kama glaida. Ya pili, yenye jeti mbili, iliruka Oranienburg Februari 1945, na mwezi huo huo ikaanguka na kumuua rubani Erwin Ziller baada ya injini moja kuzimika. Ya tatu haikumalizika. Wamarekani waliikuta Friedrichroda, na sasa iko kwenye jumba la Smithsonian huko Chantilly, Virginia. Habari kwamba ilibuniwa ili kukwepa rada Reimar alizitoa miaka mingi baada ya vita. Ukifika Chantilly, mimi ningekuomba uache rada, utazame ukingo wa nyuma wa bawa.