Somo: Kuitayarisha ngalawa na kuipeleka kwenye resi, Nungwi hadi Forodhani

Assalam alaykum. Siku hizi naulizwa sana na vijana wanaotaka kupeleka ngalawa mjini kwa resi za Julai, na karibu wote huuliza tanga. Tanga nitalisema. Lakini kwa miaka niliyofunga marengu (mbao za pembeni zinazoizuia ngalawa isipinduke) hapa Nungwi, nimeona ngalawa nyingi zikishindwa juu ya gari kabla hazijagusa maji ya Forodhani. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye safari.

Kwa nini gari? Julai ni kusi, upepo wa kutoka kusini, na Forodhani iko kusini mwetu. Ukitoka Nungwi kwa tanga unakwenda kuukabili upepo usoni. Utabisha (kwenda upande kwa upande dhidi ya upepo) kutwa kupita Tumbatu na Mangapwani, ufike mabaharia wamechoka mikono na tanga limevutika. Resi zikiwa Januari au Februari, wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, hutaki gari: upepo uko mgongoni.

Hatua ya 1. Wiki mbili kabla, ipandishe ngalawa pwani wakati wa bamvua (maji makubwa). Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu maji yetu hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, hukauka mnamo saa 4 asubuhi. Ipandishe na maji ya alfajiri, upate mchana mzima wa kufanya kazi. Kwangua chini, pitisha moto wa makuti makavu kuua wadudu wanaotoboa mti, kisha paka deheni (mafuta yaliyochanganywa na chokaa).

Kabla ya deheni, tafuta nyufa. Mimina ndoo mbili za maji ndani, futa tumbo la ngalawa kwa kitambaa kikavu, ukae chini uangalie. Ufa mwembamba kama unywele huuoni kwa macho. Utaona tone moja, linajikusanya polepole, linaanguka, halafu jingine pale pale. Weka alama ya mkaa.

Hatua ya 2. Kufungua marengu. Usikate fundo hata moja kabla ya kutia alama. Mkato 1 wa kisu kwenye mti wa kukingama wa mbele unaoshika marengu, mikato 2 kwenye wa nyuma, na mikato hiyo hiyo kwenye ukingo pale mti unapokaa. Kisha kata kijiti chenye urefu sawa na kutoka ukingoni hadi ncha ya chini ya ubao wa rengu, kimoja kwa kila upande, uviweke. Rengu moja likishuka upana wa vidole viwili kuliko mwenziwe, chombo kitavuta upande huo kila ukigeuza, na nahodha atashindana na usukani badala ya kushindana na wenzake.

Hatua ya 3. Tanga lianike likauke kabisa kabla ya kulikunja. Marekani (kitambaa cha pamba) ikikunjwa mbichi hufanya koga, na penye koga ndipo patakapochanika. Kagua henza (kamba ya kupandishia tanga) na demani (kamba ya kulivutia tanga), badilisha palipolika.

Hatua ya 4. Kupakia. Hapa nawaomba msiwe na haraka. Mwaka mmoja mimi nilikuwa nayo. Dereva alikuwa na mzigo mwingine wa kuwahi, akataka tuilaze ngalawa moja kwa moja juu ya bodi, nami nikakubali. Kwenye matuta karibu na Kinyasini nilisikia mlio mmoja mkavu, kama kuni inapopasuka. Tulipoishusha haikuonyesha kitu. Katikati ya resi maji yalitufika vifundoni, mtu mmoja akifua maji (kuyachota na kuyamwaga nje) bila kupumzika, na vyombo tulivyoviacha nyuma vikatupita kimoja kimoja. Ufa ulianza pale pale penye kichwa cha msumari wa bodi.

Tangu siku ile natumia magunia yaliyojazwa makumbi (maganda ya nje ya nazi): chini ya omo (mbele), chini ya tezi (nyuma), na mengi zaidi tumboni penye uzito. Kabla ya kukaza kamba, kingamisha mti ndani kutoka ukingo hadi ukingo, la sivyo kamba itazibana mbavu. Mlingoti na foromali (mti unaobeba tanga) vifungwe peke yake, na kitambaa chekundu kwenye ncha inayotokeza. Funika chombo kwa magunia yaliyoloweshwa. Ngalawa ni mti wa mwembe, na mwembe ukikaushwa ghafla na jua hupasuka. Safiri baada ya sala ya alfajiri.

Hatua ya 5. Mimi hushushia Maruhubi. Ilaze juu ya mchanga, ijaze maji usiku kucha, mti unywe. Asubuhi fua maji, rudisha marengu kwa alama zako na vijiti vyako. Funga kwa kamba ya usumba (nyuzi za makumbi) ikiwa kavu, kaza kwa mguu, kisha mwagia maji ya bahari: usumba ukinywa hujikaza, nailoni ikilowa hulegea. Kamba nzuri ni za akina mama wanaofukia makumbi pwani kwa miezi kabla ya kuyapiga. Walipeni bei yao. Piga bisha mara tatu nne mbele ya ufukwe, rudi, kaza upya.

Jaketi la kuokolea kwa kila mtu, upo mbili za kufulia maji zilizofungwa kwa kamba, na taarifa ya upepo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa.

MASWALI

Shikamoo fundi. Ufa wangu una urefu wa shubiri. Naweza kuziba kwa resini?

Marahaba mwanangu. Resini haishiki mti wenye maji ya chumvi. Toboa tundu dogo kila mwisho wa ufa usiendelee, pigilia pamba iliyoloweshwa mafuta kwa patasi butu, juu yake kipande cha bati.

Marekani au turubai?

Turubai halinywi maji na ni la bei rahisi, lakini halikai umbo upepo ukipungua. Kwa resi, marekani. Na usikate tanga kubwa kuliko watu ulionao wa kukaa juu ya mti upande wa joshi, unakotoka upepo.

Ami, sisi tuko Mkoani, Pemba. Tuvuke wenyewe kwa ngalawa?

Msivuke. Mkondo wa Nungwi unakwenda kaskazini kwa nguvu, na wakati wa kusi mawimbi husimama juu. Sote tunakumbuka kuzama kwa Spice Islander, Septemba 2011, na ile ilikuwa meli. Ipakieni kwenye jahazi la mizigo, marengu yamefunguliwa, kwa magunia yale yale.

Resi zetu ni za kijiji cha pili, kilomita 3 tu. Gari la ng'ombe litafaa?

Kwa kilomita 3 msifungue kitu. Subirini maji yajae, lazeni mlingoti, mwende kwa pondo (mti mrefu wa kusukumia chombo) upande wa ndani wa mwamba.