Kupika bia ya George Washington ya 1757 kwenye baridi ya Mbeya

Mwaka 1757, George Washington alikuwa kanali wa kikosi cha Virginia, miaka 32 kabla hajawa rais wa Marekani. Katika daftari lake aliandika namna ya kupika "bia ndogo", yaani bia nyepesi ya kunywa kila siku. Daftari hilo liko kwenye Maktaba ya Umma ya New York. Maelezo yenyewe ni mafupi: pumba kujaza chekeche kubwa moja, hopsi (maua makavu yanayoipa bia uchungu) kadiri unavyopenda, chemsha kwa muda wa saa 3, chuja galoni 30 juu ya galoni 3 za molasi (maji mazito meusi yanayobaki miwa ikitengenezwa sukari), poza, tia robo galoni ya hamira ya majimaji.

Galoni zisikusumbue. Shika uwiano: kumi kwa moja. Kwa lita 10 za bia andaa molasi lita 1 (karibu kilo 1.4), pumba za ngano gramu 300, hopsi kavu gramu 15, hamira ya mkate kijiko kimoja cha chai na maji lita 16. Kipimo cha pumba na hopsi ni makadirio, maana yeye mwenyewe hakutaja uzito.

Molasi na pumba za duka la mifugo zikague kwanza. Pumba yenye harufu ya ukungu au uchungu wa mafuta yaliyochina ni ya kutupa, na molasi iliyokaa kwenye pipa usilojua lilibeba nini usiinywe. Ukikosa molasi salama, tumia sukari guru gramu 850 iliyoyeyushwa, ingawa rangi na ladha vitakuwa vyepesi. Hopsi ndiyo ngumu kupatikana huku, mara nyingi ni ya kuagiza. Bila hopsi unakosa uchungu, na pia kinga dhidi ya bakteria wa uchachu, hivyo bia huwa kali kama siki mapema.

Chemsha maji, pumba na hopsi pamoja kwenye sufuria ya lita 20 kwa saa hizo 3. Mbeya ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo uchungu wa hopsi unatoka polepole kuliko Pwani. Usifupishe muda. Maji yakipungua sana, ongeza yaliyokwisha kuchemka.

Sasa ndipo wengi wanapokosea: wanamimina molasi ndani ya sufuria ikiwa bado jikoni. Molasi ni nzito, inazama, inashika chini na kuungua, na ladha ya kuungua haitoki tena. Washington aliona ni afadhali molasi itangulie kwenye chombo cha kupozea, kisha bia ichujwe juu yake ikiwa inachemka. Fanya hivyohivyo: molasi kwenye ndoo safi inayostahimili moto, funika mdomo kwa kitambaa cha shashi, mimina, koroga hadi mwiko usiguse utelezi wowote chini.

Tukizungumzia molasi, ilifika Virginia kutoka visiwa vya miwa vya Karibi, ambako ilitengenezwa kwa jasho la Waafrika waliofanywa watumwa. Anayeonyesha upishi huu kwenye klabu ya historia aliseme hilo wazi. Wanafunzi watazame na kunusa, wasionje, maana kwa hesabu ya sukari iliyomo, kileo hufika karibu asilimia 4.

Hamira hutiwa bia inapokuwa na joto "zaidi kidogo ya damu". Huhitaji kipimajoto: dondosha kwenye kifundo cha mkono, iwe kama maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Ikiwa bado inaunguza, hamira inakufa.

Kisha baridi. Maelezo yanasema hali ikiwa ya baridi sana, funika kwa blanketi, iache ichache saa 24. Kwa galoni 30, yaani zaidi ya lita 110, blanketi moja linaweza kutosha. Ndoo ya lita 10 ni jambo jingine: kila lita ina eneo la kupotezea joto zaidi ya mara mbili ya chombo kile. Vipimo vya viungo unaweza kuvipunguza, joto halipungui kwa uwiano huo. Juni na Julai, ndoo iliyoachwa kwenye sakafu ya saruji inapoa usiku, hamira inalala, na asubuhi hakuna povu. Iweke ndani ya boksi lenye maranda ya mbao pande zote na chini, halafu blanketi juu. Usiipashe kwa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake inaua watu.

Povu likishapanda, hamishia kwenye pipa au ndoo nyingine safi. Pipa la Washington liliachwa wazi tundu lake hadi bia ikaribie kumaliza kuchacha, kwa hiyo mfuniko wako uulegeze juu ya kitambaa. Ukiubana, gesi itaurusha.

Yeye alijaza chupa siku ya saba. Kwenye baridi usifuate kalenda, fuata ulimi. Anayejua ulanzi, pombe ya mianzi, ataelewa: ikiwa bado tamu kama mtogwa, yaani ulanzi ambao haujachacha, sukari imo na itaendelea kutoa gesi ndani ya chupa. Subiri utamu uishe na viputo vikome kwa siku 2. Tumia chupa za plastiki za soda badala ya kioo, acha nafasi ya vidole viwili juu, na ziminye kila siku. Chupa iliyokuwa inabonyea jana ikiwa ngumu leo, legeza kifuniko kidogo, gesi itoke, ndipo uifunge tena.