Somo: Kubadilisha kebo ya chini ya gia kwenye boti yenye MerCruiser Alpha One

Mkono wa gia umekuwa mgumu, gia ya nyuma inaingia kwa kubembelezwa, na injini inazima kila ukitoa gia kurudi nyutro. Kwenye Alpha One, yaani mfumo wa injini iliyo ndani ya boti na mguu wenye propela uliofungwa nje kwa nyuma, dalili hizo zikija pamoja, mshukiwa wa kwanza ni kebo ya chini. Somo hili ni la aina hiyo tu. Mwenye mguu wa aina nyingine, kama Bravo au Volvo Penta, asifuate vipimo vyangu.

Kebo ziko mbili. Ya juu inatoka kwenye mkono wa gia wa nahodha hadi kwenye bamba la gia lililofungwa pale kwenye injini. Ya chini inaanzia hapo kwenye bamba, inapenya ukuta wa tezi (nyuma ya boti), inapita ndani ya mpira mdogo wa mikunjo, kisha inaishia kwenye hausingi, lile ganda la aluminiamu ambalo mguu unafungwa juu yake. Nje ya ule mpira ni maji matupu. Ndiyo maana ya chini hufa kabla ya ya juu: ganda likipasuka maji yanaingia, waya wa ndani unashika kutu, na kila ukiingiza gia unakwaruza.

Pima kabla hujafungua

Kuingiza kebo mpya ni sehemu nyepesi ya kazi hii. Kinachokula muda na mgongo ni kushusha mguu na kuurudisha, kwa hiyo usishushe kwa kuhisi. Injini ikiwa imezimwa, chomoa kebo ya juu kwenye bamba la gia. Sasa sukuma na vuta kebo ya chini kwa mkono huku mwenzako akizungusha propela taratibu. Propela lazima izunguke, maana meno ya gia hayaingii yakiwa yamesimama, na ukisahau hilo utailaumu bure kebo isiyo na kosa. Kebo isiyo na kosa inateleza kwa nguvu ya vidole. Ikikwama, au ikienda kwa mikupuo, umempata mwizi. Ya chini ikiwa laini, ugumu uko kwenye kebo ya juu au kwenye boksi la mkono wa gia, na mguu hauna haja ya kushuka.

Kushusha mguu

Boti iwe nchi kavu, juu ya trela au magogo, na waya wa betri uwe umetolewa. Weka mkono wa gia kwenye gia ya mbele. Hili si pendekezo: kwenye Alpha mguu hutoka na hurudi ukiwa gia ya mbele, ukiwa nyutro utavutana nao mpaka uvunje kitu.

Toa silinda za kuinulia mguu kwa upande wa nyuma na uzifunge kwa kamba zisining'inie kwenye mipira yake ya mafuta. Kisha nati sita, tatu kila upande, soketi ya 5/8. Mbili za juu ziache zimeshika nyuzi chache hadi uwe umeushikilia mguu vizuri kwa winchi au kwa mikono ya watu wawili. Mtu mmoja asijaribu. Ukitoka, vuta moja kwa moja kuja nyuma bila kuyumbisha.

Ukiwa wazi, ingiza kidole kwenye beringi iliyo ndani na uizungushe. Ikiguna au ikiwa na mchanga, ibadilishe leo. Vivyo hivyo na mpira mkubwa unaofunika jointi ya shafti inayozungusha mguu: ukiona mipasuko kwenye mikunjo, mpya iingie. Mpira huo ukitoboka maji yanaingia kwenye jointi, na zaidi ya hapo boti inaweza kuzama ikiwa imefungwa gatini.

Kutoa kebo ya zamani

Rudi kwenye injini. Kabla hujalegeza chochote, piga picha ya bamba la gia, kisha pima umbali kati ya katikati ya pipa la shaba (kile kipande kinachoishikilia kebo kwenye bamba) lililo kwenye kebo ya chini na katikati ya tundu la ncha yake. Andika. Toa pini, chomoa ncha na pipa, legeza skrubu zinazobana waya wa ndani.

Hamia nyuma. Waya wa ndani umeshikwa na kitelezi chenye taya ndani ya hausingi. Ukiachia kitelezi, waya wote unavutika kutoka upande huo. Utazame kwenye mwanga. Waya uliokufa unajieleza: sehemu moja ya rangi ya kahawia yenye vipele, na grisi iliyogeuka uji wa kijivu.

Ganda la kebo limefungwa kwenye hausingi kwa nati inayohitaji soketi maalumu, ndefu na yenye mpasuko ubavuni. Watu hujaribu patasi na nyundo. Nati hutoka, lakini nyuzi za aluminiamu nazo huondoka, na hausingi ni ghali kuliko soketi mara nyingi sana. Nunua au azima.

Kisha kuna mpira mdogo wa mikunjo na vibano vyake. Inawezekana kuubadilisha bila kutoa hausingi, kwa mikono myembamba na subira. Mimi naona heri kutoa pini mbili za bawaba na kuivuta hausingi nyuma, maana hapo unaona unachokifanya, na mpira wa moshi na hozi ya maji vinabadilishika kwa safari hiyo hiyo. Usirudishe mpira wa zamani juu ya kebo mpya hata ukionekana mzima.

Kabla ya kuvuta ganda la zamani kutoka, funga kamba nyembamba upande wa injini. Itakuonyesha njia.

Kuingiza mpya

Ganda jipya linaingia kutoka nyuma kwenda mbele. Paka gundi ya majini ya kuzuia maji kwenye nyuzi za nati, kaza, funga vibano vya mpira. Ndani ya boti, lipe mkunjo mpana na ulifunge mbali na bomba la moshi, usukani na sehemu yoyote inayozunguka. Mkunjo mkali ndio unaofanya kebo mpya iwe ngumu siku ya kwanza.

Waya wa ndani upake grisi nyepesi ya majini, uusukume polepole kutoka nyuma. Ukigoma usiukunje, urudishe kidogo, uzungushe, jaribu tena. Ukishajikunja mara moja, ni wa kutupa.

Kipimo cha Alpha One kati ya katikati ya pipa na katikati ya tundu la ncha ni inchi 6, yaani milimita 152. Funga pipa hapo na usiliguse tena. Marekebisho yanayobaki yanafanyika kwenye kebo ya juu: mkono ukiwa nyutro, gurudumu dogo la swichi ya kukata moto (ile inayokatiza cheche za injini kidogo ili gia itoke) likae katikati kabisa ya ule mkato wa V kwenye wenzo wa bamba. Kitabu cha injini yako kikisema tofauti, kifuate.

Kurudisha mguu

Gasketi mpya, oringi mpya, grisi kwenye meno ya shafti. Mkono wa gia mbele, kitelezi kimetoka na taya zake ziko wima, ulimi wa shafti ya gia kwenye mguu umenyooka kuelekea mbele. Sukuma. Meno yakigoma, zungusha propela kidogo ili yaendane. Yakiendelea kugoma, usitumie nati kuuvuta mguu uingie: huenda injini imekaa upande, na unatakiwa kupima kwanza mlingano wa injini na mguu kwa fimbo yake maalumu. Nati kaza kwa kupishana hadi Nm 68.

Jaribu ukiwa na maji ya hozi kwenye matundu ya mguu. Bila maji, impela ya pampu inaungua upesi.

Maswali ya wanachama

*Fundi, yangu inazima nikitoa gia. Jirani gatini aliniambia nichomoe tu waya za ile swichi, na kweli haizimi tena. Kuna ubaya?*

Upo, mkuu. Swichi inakata moto kwa nukta moja ili meno yalegee na gia itoke. Kebo ikiwa ngumu, wenzo unakawia kurudi, moto unakatika muda mrefu, injini inazima. Ukiichomoa umezima kengele tu. Sasa gia inaweza kugoma kutoka unapoingia gatini, na meno yanalika kila unapolazimisha.

*Gia zangu ni laini kabisa ila kila asubuhi kuna maji kwenye ngama (chini ndani ya boti). Inaweza kuwa kebo?*

Inaweza. Futa ncha ya kebo ya chini pale kwenye bamba la gia ikauke, izungushie karatasi laini, kisha boti ikae majini usiku. Karatasi ikilowa, maji yanapita ndani ya ganda. Ikibaki kavu, tafuta kwenye mipira mingine.

*Samahani kaka, nina Bravo. Hatua za kushusha mguu si zile zile?*

Hapana. Bravo hushushwa ikiwa nyutro, na gia yake ni klachi ya koni iliyo juu ya mguu. Haitumii swichi ya kukata moto, na kebo yake inaungana kwa namna nyingine.

*Nimebadilisha wiki iliyopita. Mbele iko safi, nyuma inapiga krr krr nikiongeza mafuta.*

Acha kuongeza mafuta kwanza, meno hayajaingia yote. Kama inchi 6 ziko sahihi, basi kebo ya juu haijasukuma hadi mwisho. Ichomoe kwenye bamba, ingiza gia ya nyuma kwa mkono huku propela ikizungushwa hadi ishike, weka mkono wa gia nyuma kabisa, kisha sogeza pipa la kebo ya juu mpaka lidumbukie lenyewe kwenye kipini chake. Halafu rudi uangalie nyutro na mbele. Mlio ukibaki baada ya hapo, meno yenyewe yameshalika, na mguu unashuka tena kwa sababu nyingine.